Uzi wa Pili

Machi 1

Bibi Marta ameamka vibaya. Asubuhi jua, baadaye theluji ya majimaji, mchana jua tena, kama mtu aliyekutukana kisha akakukaribisha chai. Ndivyo Machi ilivyo kwetu, ndiyo maana tunaiita Bibi Marta: kikongwe mwenye hasira za ghafla, na sisi tunajifunga nyuzi zake mikononi ili atuonee huruma.

Nilikuwa napanda ngazi na mfuko wa viazi nikamkuta Bibi Pena wa ghorofa ya tatu ameketi kwenye kigoda nje ya mlango wake. Alihamia hapa Januari, mwanawe alipouza nyumba yao ya kijijini kando ya Danubi, na tangu siku hiyo ngazi zetu zimepata mlinzi. Anajua nani kakaanga samaki na nani kanuniana na nani.

"Simama hapo, mwalimu. Lete mkono."

Alikuwa na kikapu cha nyuzi nyekundu na nyeupe alizozisokota mwenyewe. Akanifunga mmoja. "Uwe mwekundu wa damu, mweupe wa mifupa, usiumwe mwaka mzima." Nikataka kuondoka. "Haraka ya nini? Bado wa pili." Akatoa uzi mwembamba, mfupi, wa kumtosha mwanasesere, akaufunga pembeni ya ule wa kwanza. "Na huyu wa ndani. Naye ana Machi yake."

Nilipaswa kusema. Kwa miaka miwili nimekuwa nikisema: kwa vijana wanaonipisha kiti, kwa muuza jibini, kwa mzazi wa mwanafunzi aliyenishika tumbo bila kuomba ruhusa. Hapana, si mimba. Kisha natazama nyuso zao zikianguka, na mimi ndiye ninayewafariji. Leo nimechoka kufariji.

"Asante, bibi," nikasema.

"Lini?"

"Mei."

Mei ilikuwa kweli. Ila haikuwa Mei hii.

Machi 3

Theluji. Shule imefungwa kwa sikukuu. Mume wangu Ognyan amelala mchana kutwa akiutazama ukuta, au akinipa mgongo. Sijui tofauti.

Machi 5

Kwa daktari, mara ya mwisho kabla ya siku yenyewe ya upasuaji. Daktari Mutafov ni mtu safi, mwenye vidole vifupi, anayezungumza kama fundi wa nguo. Aliniambia nilale chali niinue kichwa, akazamisha vidole vinne katikati ya tumbo langu, pale misuli ilipoachana na haikurudi. "Hapa pako wazi kama mlango," alimwambia Ognyan, kana kwamba mlango ni wa Ognyan. Atashona misuli ikutane, atakata ngozi iliyozidi kutoka kitovuni kwenda chini, ataivuta ya juu ishuke, na kitovu atakitoboa upya mahali pake. Kovu litapita nyonga hadi nyonga. Nitatembea nimeinama kwa wiki kadhaa kama anayetafuta sarafu iliyodondoka. Chini ya kitovu patakufa ganzi, pengine kwa muda, pengine moja kwa moja.

"Umeacha sigara?"

"Nimeacha."

"Nakuuliza tena kama nilivyokuuliza majira ya baridi. Huna mpango wa kuzaa? Ukibeba mimba, kazi yangu yote itakuwa bure."

"Sina mpango," nikasema.

Nilihisi Ognyan akigeuza shingo. Hatujawahi kulizungumza. Amelijua pale, mbele ya mtu mwenye kalamu.

Kisha nikauliza swali ambalo nimekuwa nalo kinywani tangu Januari. Upande wa kulia, chini kidogo ya kitovu, kuna mahali. Hapana alama yoyote, mtu mwingine hawezi kupaona. Hapo ndipo mtoto alipokuwa akisukuma kisigino. Nilikuwa nikiweka kikombe cha chai juu yake, na kikombe kinacheza. Nikamwonyesha daktari kwa kidole: hapa panabaki au panaondoka?

"Panaondoka, bila shaka."

"Ngozi hiyo mnaipeleka wapi?"

Akacheka kidogo, bila ubaya. "Usijali. Hospitali itashughulikia."

Neno kwa neno. Ndilo neno waliloniambia mara ile, miaka miwili iliyopita, hospitali nyingine, nilipoamka nikauliza mtoto yuko wapi. Mama alikuwa ameketi dirishani amekumbatia mkoba mapajani, Ognyan amesimama mlangoni, na muuguzi akasema: hospitali itashughulikia. Walikuwa wameshakubaliana, wote watatu, nikiwa nimelala. Sikumwona. Hana kaburi. Mama aliniambia nisimpe jina, kwa sababu kitu kisicho na jina hakikumbukwi.

Nilikuwa nimeshampa.

Njiani kurudi Ognyan aliendesha bila kusema. Kwenye taa nyekundu akasema, "Ungeniambia." Taa ikawa kijani.

Machi 7

Sikuwa nimeacha sigara kabisa. Nilijificha kwenye dirisha la ngazi nivute moja tu, na mkono mkavu wa Bibi Pena ukaja kutoka nyuma ukaichomoa mdomoni mwangu.

"We! Mwalimu mzima! Mtoto anakohoa humo ndani, wewe unapuliza moshi kama treni ya Sofia!"

Akaizima kwenye ukuta. Akaitazama. Akaiwasha upya, akaivuta yeye.

"Bibi, na wewe je?"

"Mie ndani yangu hamna mtu. Hata kuku hamna. Nimezaa watatu, wote wazima, mmoja yuko Uhispania, mmoja Uingereza, mmoja kauza nyumba. Nani wa kukohoa?" Akanisogelea. "Wa kike huyo. Tumbo limekaa chini, na uzuri wa uso amekuibia. Wa kike humwibia mama."

Nilicheka. Nimeshangaa kuisikia sauti yangu. Halafu nikapanda juu, nikakaa juu ya ndoo ya kabichi ya siki iliyo kwenye roshani, na nikajichukia kwa raha niliyoipata.

Machi 9

Jumamosi ya Wafu. Mji mzima umekwenda makaburini na divai na ngano. Bibi Pena alishuka asubuhi amejifunga kitambaa cheusi, sufuria imefungwa kwa taulo. Ngano iliyochemshwa, sukari juu, jozi zilizosagwa. Nilisikia harufu yake, nikasimama mlangoni kama mtoto.

Aliporudi alikuwa akigawa kijiko kijiko kwenye kila mlango, kwa ajili ya marehemu mumewe. "Mungu amsamehe," wanajibu watu, wanakula. Akafika kwangu, akaipitisha sufuria upande wa pili wa kiuno chake.

"Wewe hapana. Mwenye mimba hali ngano ya wafu, wala hakanyagi makaburini. Usinitazame hivyo. Ni kwa ajili yake."

Nikafunga mlango. Nikasimama nyuma yake, paji la uso kwenye mbao.

Miaka miwili nimeikosa ngano hii kwa sababu mtoto wangu hahesabiwi kuwa amekufa. Leo nimenyimwa kwa sababu anahesabiwa kuwa hai.

Machi 12

Upepo. Nguo za jirani zimeruka hadi kwenye miti. Nimefua nguo za kulalia, zinazofunguka mbele, kama nilivyoelekezwa. Nimenunua mto wa kuweka chini ya magoti.

Machi 13

Mama amepiga simu. Hatakuja, miguu yake, mvua, safari ya basi.

"Ukishakata, utasahau," alisema. "Ni tumbo tu, Kremena. Unalitazama mno."

"Watu ndio wanaolitazama, mama."

"Basi hawatalitazama tena."

Ndicho ninachokitaka. Nimekiandika hapa ili kesho, nikiwa naogopa, nisijidanganye kwamba nilitaka uzuri. Nataka nipite sokoni na mtu asiniulize. Na tarehe nimeichagua kwa makusudi. Tarehe kumi na sita, siku niliyompoteza, inapofika mwili wangu unajua kabla yangu. Mwaka huu nitaupa maumivu mengine ya kushughulikia.

Machi 14, asubuhi

Naandika nikiwa nimesimama, sitakiwi kukaa, wino haujakauka. Daktari amenichora kwa kalamu ya bluu. Tabasamu kubwa kutoka nyonga hadi nyonga, na tabasamu jingine juu yake. Kilicho kati ya matabasamu mawili kinaondoka. Kisigino kiko kati.

Muuguzi alikuja na mkasi kwa ajili ya nyuzi, kisha akaurudisha mfukoni. "Sikati uzi wa Machi mimi, sijachoka kuishi." Akaanza kufungua mafundo kwa kucha. "Mbili? Huu mdogo wa nani?"

Sikujibu. Ognyan alikuwa akiutazama. Amelala kando yangu wiki mbili bila kuuona, na sasa alikuwa akiutazama kama mtu aliyekuta mlango asioujua ndani ya nyumba yake. Akanyoosha kiganja. Muuguzi akaweka nyuzi zote mbili hapo. Ognyan akazitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo.

Machi 16

Mirija miwili inatoka kando ya kovu, kila mmoja una kichupa, humo majimaji ya rangi ya komamanga. Mkanda umenibana mbavu hadi mapaja. Siwezi kukohoa. Siwezi kulia, kulia kunatumia misuli ileile.

Ni leo. Ognyan aliketi hadi jioni. Hakusema ni leo. Alikuwa na kitu cha kusema, kimekaa shavuni kama tonge. Akameza.

Machi 18

Nyumbani. Ghorofa nne, lifti hakuna. Ognyan nyuma, mimi mbele, nimeinama, mkono kwenye kuta, vichupa vimefichwa chini ya koti.

Ghorofa ya tatu Bibi Pena alikuwepo kwenye kigoda. Niliona kwanza viatu vyake, kwa sababu ndiko macho yangu yanakofika sasa. Kisha nikasikia pumzi yake ikikatika. Alitazama tumbo. Alitazama mikono yetu, kama kuna anayebeba kitu. Hakuna aliyebeba.

Alisimama. Akavuta kigoda chake ukutani ili tupite.  

Machi 19

Bakuli mlangoni. Supu ya majani machanga ya upupu, ya kwanza msimu huu, vuguvugu. Nimekula yote. Kila kijiko nimekiiba.

Machi 20

Bakuli. Maharagwe.

Machi 21

Bakuli. Ognyan ameuliza, "Huyu bibi anadhani nini?" Nikasema, "Anadhani nimeharibikiwa na mimba." Ameosha bakuli kwa muda mrefu sana.

Machi 22

Wametoa mirija. Hisia ya kuvutwa uzi mrefu kutoka ndani ya mto. Daktari alifungua bandeji, akaagiza taa isogezwe. Katikati ya kovu, ukingo wa ngozi umekuwa wa zambarau, na mahali pamoja ni peusi.

"Damu haifiki vizuri. Ulivuta?"

"Mara moja. Mbili."

"Inatokea hata kwa wasiovuta," alisema, lakini akaandika. Tutasubiri ngozi iliyokufa ijitenge na iliyo hai. Haiharakishwi. Itakuwa kovu pana, si ule mstari aliouahidi.

Nilijitazama kwenye kioo cha choo chao. Tumbo ni bapa. Ni tumbo la msichana niliyemsahau, na katikati yake kuna mdomo mweusi.

Machi 25

Siku ya Habari Njema. Kengele tangu alfajiri, na harufu ya samaki kila ghorofa. Bibi Pena aligonga kwa kiwiko, mikono imebeba sahani.

"Leo vidonda haviumi. Mamangu alitutoboa masikio siku kama ya leo, sindano na uzi wa hariri, hata damu haikutoka. Kula. Uinuke. Mwanamke akipoteza hulala siku zake, halafu huinuka." Akaketi bila kukaribishwa. Akashusha sauti. "Nilimfumia soksi. Nimezifumua. Usiogope, sitakuonyesha. Sufu nimeirudisha kwenye mpira."

 Samaki alikuwa mkavu mdomoni kama karatasi.

"Bibi, sikupoteza mwezi huu."

"Nini?"

"Miaka miwili iliyopita. Machi kama hii. Tumbo lilibaki. Majuzi nimelikata kwa hiari yangu, kwa daktari wa kurekebisha miili. Uliponiuliza lini, nilisema Mei, kwa sababu... sijui kwa sababu gani. Ulikuwa wa kwanza kumfungia kitu."

 Niliona uso wake ukihesabu upya kila bakuli.

"Ina maana nimelilia tumbo tupu?"

"Ndiyo."

"Nimemuombea kila usiku aliyekwisha kufa? Nimemuomba Mungu amlinde? Mungu kanionaje, kibibi mwehu?" Alisimama, akachukua sahani, samaki akiwa juu yake bado. "Na uzi! Uzi wa Machi si wa mchezo, mwalimu! Unamfungia mtu afya. Wewe umenifanya nimfungie nani afya?"

Mlango haukupigwa kwa nguvu. Ingekuwa afadhali.

Na kidonda kiliuma siku nzima.

Machi 27

Mvua ya mawe. Hakuna bakuli.

Machi 29

Wamekata ngozi nyeusi kwa mkasi mdogo. Sikuhisi chochote; nilitazama dari nikisikia tu mkasi. Kwa hiyo ganzi ina kazi yake. Sasa kuna shimo, nyekundu na safi, linaloweza kumeza kidole gumba. Ognyan amefundishwa kulijaza chachi asubuhi na jioni.  Ni mara ya kwanza kunigusa hapo tangu wakati ule.

Machi 31

Amejaza chachi. Mvua.

Aprili 2

Amejaza chachi. Amesema limepungua. Nimemwambia anaongopa. Amesema ndiyo.

Aprili 4

Nimemsikia Bibi Pena akimfokea mtu wa posta. Nilifungua mlango kidogo nimsikilize. Hapo awali niliona anapekua maisha ya watu kwa kukosa yake. Sasa najua kwamba katika jengo hili lenye milango arobaini ni yeye peke yake aliyekuwa akihesabu kama tumefika nyumbani.

Aprili 6

Jumamosi. Aligonga kwa kiwiko.

Ognyan alifungua. Bibi Pena alikuwa amejifunga kitambaa cheusi, na sufuria imefungwa kwa taulo. Akapita hadi jikoni kama fundi bomba, akaweka sufuria mezani, akafungua. Ngano. Sukari juu nyeupe tupu, bila jozi, bila herufi za jina.

"Sijakusamehe," alisema. "Hilo lijulikane kwanza. Ila nimewaza. Nilimwuliza kasisi, akaniambia asiyebatizwa hana ibada. Nikamwambia, baba, mie sijakuuliza ibada, nimekuuliza ngano.  Basi." Akanigeukia. "Nani alimpikia?"

"Hakuna."

"Hakuna! Watu wenye shahada!" Akatoa mfukoni karatasi ya jozi zilizovunjwa. "Sikuweka jina, sikulijua. Anaitwa nani?"

Nilitazama meza. Miaka miwili sijalitamka mbele ya mtu, na nilihisi misuli iliyoshonwa ikijikaza.

"Neda."

Ognyan alivuta kiti akaketi ghafla.

"Neda," alisema Bibi Pena, akaanza kupanga jozi juu ya sukari, herufi kwa herufi. Mkono wake haukuwa na haraka. "Jina zuri. Fupi. Kwa sufuria kubwa ningekuwa na nafasi ya ua."

"Alikuwa na nywele," alisema Ognyan.

Sote tukamtazama.

"Nyeusi. Nyingi. Zimelowa. Waliniuliza kama nataka kumwona, nikasema ndiyo." Alikuwa akizungumza na ngano. "Mama yako alisema nisikwambie, utapata wazimu. Kila siku nikasema kesho. Nilimshika, Kremena. Nilishika mguu. Kisigino kilikuwa... ni kidogo mno." Akaonyesha kwa kidole gumba na cha shahada, akabaki ameviweka hivyo, nafasi ndogo hewani, asiweze kuishusha.

Sikuweza kulia kwa sauti, mkanda haukuruhusu. Yalinitoka tu machozi, yakashuka. Nilitaka kumpiga. Nilitaka asishushe vidole vile kamwe.

Bibi Pena alichota kijiko, akampa yeye kwanza, kisha mimi.

"Mungu amsamehe Neda," alisema.

"Mungu amsamehe," tulisema. Ingawa amsamehe nini. Tulikula.

Aprili 10

Kwa daktari, kwa basi, Ognyan yuko kazini. Shimo limefunga nusu. Daktari ameridhika. Tumbo, anasema, ni bapa kama meza.

Basi lilikuwa limejaa. Nilisimama nimejikunja, nimeshika chuma kwa mikono miwili, jasho likinitoka, kidonda kikidunda kwenye kila tuta. Kijana mmoja aliinua macho kutoka kwenye simu, akanitazama tumbo, akarudi kwenye simu yake. Hakuna aliyesimama. Hakuna aliyeuliza.

Nimepata nilichokwenda kukitafuta.

Aprili 11

Mplamu wa uani umechanua, na desturi ni kuvaa uzi hadi uone korongo wa kwanza au mti uliochanua, kisha kuufunga mtini. Ognyan alinitolea nyuzi kutoka kwenye lile shati. Halijafuliwa tangu hospitali. Tukashuka taratibu. Bibi Pena alikuwa kwenye kigoda. "Mnakwenda uani?" Akachukua fimbo.

Uzi wangu nimeufunga kwenye tawi la chini, mahali nilipofika bila kujinyoosha. Ule mdogo niliushika muda mrefu. Nilimtazama bibi anielekeze.

"Usinitazame mie," alisema. "Kazi yangu ilikuwa kumfungia. Kufungua ni kwa mama yake."

Siwezi kuinua mikono. Siwezi kunyooka. Nimempa Ognyan, na yeye amesimama kwa ncha za vidole, akaufunga juu kabisa alipoweza kufika, kwa mafundo mawili, kisha akaongeza la tatu.

Nilitaka kuuona. Shingo yangu haikukubali kwenda huko, kwa hiyo niliuona chini, kivuli chake, kikicheza juu ya matope karibu na viatu vyangu. Niliweka kiganja upande wa kulia, chini kidogo ya kitovu. Hapo hapahisi kitu. Ni kama kumgusa mtu mwingine.

Mvua imeanza tena.